Tonge la Nyota

Jumapili ile, baada ya misa, ukoo wa marehemu mume wangu ulikaa kumjadili mwanangu na nyota zake. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali kwa hasira mpaka sufuria ikawa inazunguka juu ya mafiga. Wanaume kumi na kitu, wote wamekunywa chai asubuhi kwa wake zao, wamekaa kibandani kwa Kilian wanasubiri chakula changu ili waamue maisha ya mtoto wangu. Nilitamani kuwapelekea majivu.

Kikao chenyewe kinaitwa sengu. Zamani, hapa Umatengo, wanaume wa ukoo walikula pamoja kila siku na mambo yakamalizwa hapo hapo kwenye chakula. Siku hizi sengu imebaki ya mambo makubwa tu: misiba, ndoa, mipaka ya mashamba. Koo nyingine sijui wanafanyaje, lakini ukoo wa Damiano wangu una sheria moja ambayo hata mtoto anaijua. Chakula kinaletwa, kinafunikwa kwa kawa, kinawekwa katikati. Maneno yanasemwa. Asiyekubaliana na jambo hamegi. Aliyemega amekubali, na akishameza, jambo halirudi tena kuzungumzwa. Nimewahi kuona ugali ukilala kibandani mpaka ukawa jiwe kwa ajili ya mpaka wa shamba la maharage.

Mimi naitwa Edina. Ni Mnyasa wa Chiwanda, mtu wa ziwani, nilipanda milima hii hadi Matiri kwa ajili ya mwanamume mmoja na nikabadilishiwa hadi kanisa. Nimelima ngoro, yale mashimo ya mteremkoni, nimechuma kahawa, nimezika mume, lakini shemeji yangu Kilian bado akinitaja kwa watu anasema “yule mama wa samaki.” Kilian ni kaka mkubwa wa Damiano. Tangu mdogo wake afariki, amejitwika ukuu wa nyumba yangu, mbuzi wangu, kahawa yangu, na karibu pumzi yangu pia.

Siwema ni mwanangu wa pekee. Alisoma fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam, akafaulu vizuri, na mwaka huu akapata nafasi Afrika Kusini, kila kitu kimelipiwa, kwenda kusoma nyota. Si nyota zote. Anachosoma yeye ni nyota changa, zile zinazozaliwa sasa, na gesi zinayoitoa.

Picha yake alinionyesha tukiwa shambani, tunachuma kahawa. Kwenye simu niliona giza tupu, na katikati ya lile giza mistari miwili ya mwanga, mmoja unakwenda juu na mwingine chini, imenyooka, kwenye ncha imevimba na kung'aa.

“Hao nkungu,” nikasema.

Alicheka. Lakini mimi sikukosea sana. Kwetu ziwani, wale wadudu wadogo wakitoka majini wanapanda juu kwa mamilioni, nguzo nzima ya moshi inasimama katikati ya ziwa, na ukiwa ufukweni hujui imeanzia wapi. Sisi watoto tulikuwa tunakimbilia ndoo na vikapu kwenda kuwakamata. Nilimweleza hayo, akaniambia, “Basi ndiyo hivyo, mama. Nyota yenyewe huioni. Imejificha kwenye vumbi. Unaona nguzo tu.”

Nilifurahi siku ile. Furaha yenyewe haikumaliza wiki, maana Kilian alisimama nje ya kanisa mbele ya watu na kutangaza kwamba amekwisha kuongea na mkuu wa shule moja ya binafsi kule Mbinga mjini, na Siwema ataanza kufundisha muhula ujao. Hakuniuliza. Hakumuuliza mwenye elimu yake. Alitangaza tu, kama anavyotangazwa ng'ombe aliyepotea kwamba amepatikana.

“Panda basi uende,” nilimwambia Siwema usiku ule ule. “Una miaka ishirini na minne. Hao hawana mamlaka juu yako.”

“Sitaki kuondoka kama mtoro, mama.”

“Mtoro wa nani?”

“Wewe ndiye utakayebaki nao,” akasema. “Mimi nitakuwa mbali. Wakinuna, watanunia wewe. Nani atakusaidia kukata majani ya ngoro? Ukiumwa, nani atakubeba mpaka zahanati? Ngoja sengu ikae. Nitawaeleza.”

Hapo nikamkasirikia na yeye. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu aliamini kwamba watu wale wanaelezeka.

Kwa hiyo nilichelewesha chakula. Makusudi. Wamekaa tangu misa ilipotoka, jua limepanda, limesimama, limeanza kuteremka, mimi naacha kuni zinazima na kuziwasha upya. Albina, mke wa Kilian, alikuwa ananisaidia kukatakata nyanya, akaniangalia, kisha akaendelea na kisu chake. Mdogo wangu alikuwa ameniletea kutoka ziwani samaki wa mbasa wawili wakubwa waliokaushwa kwa moshi. Nikawachambua taratibu, nikawaunga kwa vitunguu na nyanya, nikaacha mchuzi uwe mzito na harufu iende yenyewe mpaka kibandani. Mwenye njaa hana miiko, nalijua hilo, lakini naapa sikupanga kilichotokea. Nilitaka wateseke tu.

Tulipopeleka chakula, Kilian hakuniangalia. Tuliweka beseni la ugali na bakuli la mchuzi katikati, tukafunika, tukanawisha watu mikono, tukarudi kusimama mlangoni mwa jiko, hatua chache kutoka pale. Wanawake hatukai sengu. Tunasikia tu, na kusikia hakukatazwi kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tunasikia.

Aliyeongoza kikao alikuwa Erasmo, baba yao mdogo, mkubwa kuliko wote waliobaki. Sikio lake moja halifanyi kazi, na lile jingine linafanya kazi likipenda.

“Haya binti,” akasema. “Sema unakwenda kusoma nini.”

“Shikamooni,” Siwema akasema. Wakaitikia. “Nakwenda kusoma nyota changa, babu. Jinsi zinavyotema gesi.”

“Zinafanyaje?”

“Zinatema, babu.”

“Anasema zinatapika,” mmoja akamsaidia mzee kwa sauti kubwa, na kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko.

Kilian ndiye hakucheka. Afadhali angecheka. “Mdogo wangu Damiano,” alisema, “amevunja mgongo kwenye ngoro, amekufa hajapumzika, ili binti yake aende nchi za watu akaangalie matapishi ya nyota. Shule ipo Mbinga. Watoto wapo, hawana mwalimu wa fizikia. Hiyo ndiyo kazi. Mimi simegi.” Akakunja mikono kifuani.

Damu ilinipanda kichwani. Mwiko nilikuwa nao bado mkononi, na Albina akaushika upande wa pili, akanikazia macho. Kumtaja Damiano wangu! Mtu ambaye usiku wa kuamkia kifo chake aliniuliza kama matokeo ya Siwema yametoka!

Lakini mtoto wangu naye hakuzaliwa na njiwa. Niliiona shingo yake ikisimama kama yangu inavyosimama.

“Mnacheka nini?” akasema. “Hamjui mnachokicheka. Mnadhani nyota ilipachikwa tu pale juu kama balbu? Nyota inazaliwa. Kwanza ni wingu, jeusi, la baridi, gesi na vumbi. Linajiangukia lenyewe kwa uzito wake. Na likiangukia ndani linazunguka, na linavyozidi kubana ndivyo linavyozidi kasi, mpaka linakuwa bapa kama ungo. Katikati ya ungo ndipo nyota inapokulia. Inakula kutoka kwenye ule ungo. Lakini ule mzunguko ni adui yake. Unaizuia kula.”

“Kwa nini uizuie?” Swali lilimtoka Kilian bila ruhusa yake.

Sasa nikuambie jambo moja kuhusu shemeji yangu. Hakuna mashine hapa Matiri ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo hajaifungua. Kitu chochote chenye gurudumu kinamnyima usingizi. Misa ikiwa inaendelea na pikipiki ikakohoa nje, yeye anageuza kichwa.

“Kwa sababu kitu kinachozunguka kasi hakianguki katikati, baba mkubwa,” Siwema akamjibu, bado amekasirika. “Kinataka kukimbilia nje.”

“Hilo kweli,” Kilian akasema. “Ukizungusha mashine kwa pupa, kahawa inaruka, haiingii. Basi nyota yako haikui. Umejimaliza mwenyewe.”

“Ingekuwa haitemi, isingekua.”

“Unasema inatema ili ikue?”

“Ndiyo.”

“Haiwezekani. Kitu kinakuaje kwa kutupa?”

“Haitupi yote! Inatupa sehemu. Ile gesi inayorushwa juu na chini inaondoka na ule mzunguko. Inauchukua, inaupeleka mbali. Kilichobaki kinapungua mwendo, kinaanguka ndani, nyota inakula. Isipoachia kidogo haipati kingi. Ingeng'ang'ania kila kitu, ingebaki wingu linalojizungukia gizani.”

Hakumtazama mtu aliposema hivyo. Wala haikuhitajika.

Kilian alikuwa amekunjua mikono. Amesogeza kigoda. “Ngoja. Kwa nini itoke juu na chini? Kwenye mashine kitu kinarukia pembeni.”

“Pembeni kuna ule ungo, umeziba. Na kuna usumaku. Nyuzi za usumaku zinasokotwa na mzunguko, zinajikaza kama kamba, zinaishika gesi na kuirusha kufuata mhimili.”

“Mhimili. Kama ekseli.”

“Kama ekseli, baba mkubwa.”

“Nipishe,” Kilian akamwambia jirani yake. Akaondoa kawa. Harufu ya mbasa ikafumka, na niliona makoo ya wanaume wale yakipanda na kushuka. Kilian hakuona kitu. Akamega ugali, akaufinyanga kiganjani mpaka ukawa duara safi, akauinua kila mtu aone. “Nyota hii hapa. Juu hapa,” akabonyeza kwa kidole gumba, “panatoka. Chini hapa, panatoka. Na ungo wako ndio huu mchuzi. Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Inazunguka hivi.” Akalitia lile tonge kwenye mchuzi, akalizungusha ukingoni mwa bakuli, taratibu, macho yamemtoka kama mtoto. “Inachukua. Inatema, inachukua. Inatema, mwendo unapungua, inachukua...”

Akalitia mdomoni.

Mkono una akili zake. Miaka sitini mkono ule umefinyanga ugali, umechovya, umepeleka mdomoni; hakuna aliyeuambia kwamba leo una kazi ya nyota. Akatafuna mara mbili na shavu limejaa akauliza, “Kwa kasi gani?”

Watu wote walikuwa wanamwangalia mdomo.

“Kilian,” mzee Erasmo akasema, na siku hiyo sikio lake lilikuwa zima na macho pia. “Umemega.”

Kilian akaacha kutafuna. Shavu limevimba. Uso ukabadilika rangi. “Nilikuwa namwonyesha,” akasema kwa tabu.

“Nani anaonyesha kwa mdomo?”

“Sijameza!”

“Ndiyo, hujameza,” Erasmo akakubali. “Basi fanya moja: meza au tema.”

Kutema chakula sengu, kwenye chakula cha mjane wa ndugu yako, mbele ya ukoo! Hilo ni tusi ambalo hata mlevi wa kilabuni halifanyi. Niliona anafikiria kulifanya. Kweli alifikiria. Akageuza macho kuelekea jikoni, kuelekea kwangu, na hasira zote nilizopika nazo tangu asubuhi zikanipeleka mbele. Nilitoka mlangoni. Nilivuka ule uwanja na mwiko wangu mkononi nikasimama pale ambapo hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kusimama na kusema neno.

“Tema, shemeji,” nikamwambia. “Tema tuone. Umeniita mama wa samaki tangu Damiano anilete hapa. Samaki ndiye huyo, yuko mdomoni mwako. Mtoto wangu umemwita matapishi. Tema na wewe, watu wajue nani anatapika.”

Hakuna aliyenikemea. Nadhani walishangaa mno. Kilian aliniangalia, na nilingoja anitukane, nilikuwa na majibu yamejipanga. Lakini akageuka kwa Siwema. Sauti aliyotumia sikuwahi kuisikia kwake.

“Na ile inayorushwa,” akauliza, chakula bado kimemjaa mdomoni. “Baadaye hurudi?”

Swali hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nalo tangu siku ile ya picha, pale kwenye kahawa, na niliogopa kuliuliza. Moyoni nikamwambia mwanangu adanganye. Sema inarudi, Siwema. Neno moja tu, ameze, tumalize.

“Hairudi, baba mkubwa,” Siwema akasema. “Inakwenda mbali sana, mpaka igonge gesi nyingine huko mbele, na pale inapogonga inawaka. Mwanga ule ndio unaotufanya tujue kwamba nyuma kule gizani kuna nyota inazaliwa. Bila huo tusingejua kama ipo.”

Kilian akaanza kutafuna tena, polepole. Akameza. Tulisikia akimeza.

“Alex alimegewa hapa hapa,” akasema. “Mimi ndiye niliyemega wa kwanza.”

Alex ni mtoto wake. Alikwenda kusoma Dodoma, akapata kazi huko huko, na tulipomzika Damiano hakuja, alituma salamu kwa simu. Tangu hapo Albina hataji jina lake mbele ya watu. Nilikuwa najua yote hayo, mtu wa nyumba moja utakosa kujua? Lakini nilikuwa nimeyaweka kando, kwa sababu ni rahisi kumchukia mtu ambaye hana kidonda. Nilimkasirikia Kilian upya kwa kunionyesha chake siku ambayo nilikuwa nataka kushinda tu.

“Nenda,” alimwambia Siwema. “Nimekwisha kumeza. Mkuu wa shule nitamwambia mwenyewe.” Akainuka, akaenda kusimama kwenye mashine yake ya kahawa pembeni ya nyumba, akauzungusha mpini mara moja na mbili bila kitu ndani.

Wengine walimega wakiwa wameinamisha vichwa, halafu njaa ikawashinda na wakala kama waliotoka vitani. Mbasa akaisha. Erasmo akawa anamuuliza jirani yake kama nyota nayo ina mama. Mimi nilirudi jikoni. Albina alikuwa amegeuka ukutani anajifuta macho kwa kanga, nikamsukumia kigoda akae.

Nilianza kuosha vyombo kwa fujo. Kila sufuria niliyoishika iligonga nyingine. Nilikuwa nimeshinda, na kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyoona nimeshinda nini. Nimepigana tangu asubuhi, nimewanyima wanaume wazima chakula, nimevunja mwiko wa ukoo mzima, ili mtoto wangu mmoja niliyenaye arushwe mbali na mimi. Na nyota, wanasema, inabaki gizani inakua. Inakua nini? Mimi nitakua nini, na ngoro na mbuzi na Kilian? Niliichukia fizikia siku ile. Nilimchukia Damiano kwa kufa na kuniachia niamue peke yangu.

Siwema akaingia. Alikuwa ameshika sahani yenye kipande cha ugali na kichwa cha mbasa, kile ambacho watu wa milimani hawajui kukila na sisi wa ziwani tunagombania. Alikuwa amekificha kabla hakijaenda kibandani.

“Mama,” akasema. “Hujala.”

Sheria ya tonge haijawahi kutuhusu wanawake. Sisi hatuulizwi, sisi tunapika. Ukoo umekwisha kumeza, jambo limefungwa, hakuna aliyekuwa ananisubiri. Lakini alisimama pale na sahani, haondoki, ananiangalia, na nikajua kwamba mwanangu ananiuliza.

“Sina njaa,” nikamwambia.

Hakusogea. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini shingo imesimama vilevile. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumfungia ndani. Nje kule mpini wa mashine ya Kilian ulikuwa bado unazunguka mtupu.

Nikanawa mikono. Ugali ulikuwa umepoa na umeanza kukauka juu. Nikamega.